Naomba ushauri, jua la ziwani linamuumiza kaka yangu macho
Wandugu habari zenu, kaka yangu anavua Ziwa Albert huku kwetu Hoima, Uganda, na toka kiangazi kianze Desemba macho yanamuwasha, jioni mekundu kabisa, sasa kuna kinyama kinaota kwenye jicho kutokea upande wa pua, shingo nayo inababuka. Jua la majini linakupiga juu na chini jamani. Nimemnunulia miwani nyeusi ya barabarani ila nasikia kama haina UV400 (yaani kioo kinachozuia mionzi ya jua ya UV) ni hatari zaidi maana mboni inapanuka gizani na mionzi inaingia, sasa ya kweli nitaijuaje? Na losheni ya kukinga jua ya SPF 30 (kipimo cha kinga yake) inataka kurudiwa kila masaa mawili, yeye kutwa yuko mtumbwini na jasho, au kofia pana na mikono mirefu vitatosha? Hicho kinyama naogopa kisifike kwenye mboni.