Roboti ya kusimamia kamusi ya Kimvita: yahitajika, au vichujio vyatosha?

Bint_Kuze

Assalaam aleikum. Kamusi yetu ya ushirikiano ya Kimvita, lahaja ya Mombasa, inaendeshwa kwa MediaWiki (programu inayoendesha Wikipedia), na mtu yeyote aweza kuhariri bila kujisajili. Kwa siku huingia hariri 40 hivi, na doria wanapiga watu watatu. Spamu ya kamari huingia usiku wa manane. Mchana tatizo ni matusi na watu wanaofuta maana za maneno. Kuna rai ya kuandika roboti irejeshe uharibifu yenyewe. Wengine wanasema AbuseFilter, kiongezo cha kuwekea vichujio vya hariri mbaya, itatosha, na wengine tuongeze watu tu. Naomba tulinganishe.

fundi_seva

Wa aleikum salaam, Bi Kuze. Kwanza pimeni. Chukueni siku 30 za Mabadiliko ya karibuni (ukurasa unaoorodhesha hariri mpya) mwangalie ni hariri ngapi zilirejeshwa, na kila moja ilikaa muda gani kabla ya kuondolewa. Idadi peke yake haisemi kitu. Tusi lililokaa dakika sita mchana na kiungo cha kamari kilicholala usiku kucha havina dawa moja.

Kisha zigaweni kwa aina: viungo vya nje, ufutaji wa ukurasa, matusi, na uongo wa kificho, yaani mtu amegeuza maana ya neno kidogo tu. Tatu za mwanzo kichujio kinazikamata. Ya nne hata roboti haiioni. Hiyo ni ya mtu anayeijua lugha.

Na jambo kubwa zaidi: kichujio huisoma hariri kabla haijahifadhiwa, roboti huja baadaye. Roboti ikifika, ubaya umeshaonekana na umeshaingia kwenye historia ya ukurasa.

Makadara_Net

Naungana na fundi. AbuseFilter huja pamoja na MediaWiki tangu toleo 1.38, kwa hiyo hamna cha kupakua. Lakini angalieni kwanza `$wgAutoConfirmAge` na `$wgAutoConfirmCount`, mipangilio ya umri na idadi ya hariri ambazo akaunti hutakiwa kufikisha ili iaminiwe. Zote mbili huja zikiwa sifuri, maana yake akaunti iliyofunguliwa sasa hivi inahesabiwa mwenyeji ("autoconfirmed") papo hapo, na kichujio chochote kinachowasamehe wenyeji kitaisamehe na akaunti ya spamu. Wekeni sekunde 345600 (siku 4) na hariri 10.

Baada ya hapo, kichujio cha ufutaji ni mstari mmoja:

`!("autoconfirmed" in user_groups) & old_size > 500 & new_size < 50`

Yaani: asiye mwenyeji, ukurasa ulizidi baiti 500, na sasa umebaki chini ya 50.

Kiacheni wiki mbili bila adhabu yoyote, kiandike kumbukumbu tu. Someni kilichokamatwa kimoja kimoja. Kikiwa safi, wekeni onyo, na kuzuia kuje mwisho. Anayeruka hatua hii ndiye anayewafukuza wachangiaji wapya bila kujua.

Kwa spamu ya usiku, washeni ConfirmEdit, kiongezo cha kuhakikisha mhariri ni mtu, iulize swali pale mgeni anapoongeza kiungo cha nje au anapofungua akaunti. Maswali tungeni wenyewe kwa QuestyCaptcha, sehemu yake ya maswali na majibu: "Mchele kwa Kimvita huitwaje?" Anayekuja kuchangia kamusi hii atajibu "mtele" bila kufikiri. Yawe maswali kumi hivi, na myabadilishe, kwa sababu jibu likishajulikana linatumiwa tena na tena.

Nahodha_K

Mnaitupa roboti mapema mno. ClueBot NG, roboti inayorejesha uharibifu, inafanya kazi Wikipedia ya Kiingereza tangu 2010, na kuna uharibifu inaoutambua ambao hakuna sharti la mstari mmoja litakaloueleza. Kichujio huona hariri moja moja. Akija mtu akaharibu kurasa 15 kwa dakika tano, kila moja kwa namna yake, roboti inayosoma michango yake yote itamwona.

fundi_seva

Ndugu Nahodha, ClueBot NG ilifundishwa kwa hariri nyingi ambazo watu walikaa wakazipanga, hii njema, hii mbaya. Kwa hariri 40 kwa siku, mwaka mzima ni 14,600, na mbaya kati yake ni sehemu ndogo tu. Hazitoshi kufundishia. Na kasi ya kurasa 15 kwa dakika tano inadhibitiwa na `$wgRateLimits`, mpangilio wa kikomo cha hariri kwa muda fulani, bila roboti.

mhariri_Kisauni

Hapa panahitaji uangalifu wa lugha. Orodha za matusi zinazopakuliwa mtandaoni zitawaumiza. Tusi la herufi nne limo ndani ya "kumaliza", kwa hiyo kichujio kisichotumia mpaka wa neno (`\b`) kitazuia sentensi za kawaida kabisa. Mkiweka mpaka huo, tusi lililoanzishwa kwa kiambishi ma- au ki- litapita. Hamna budi kuandika maumbo yake moja moja. Na "shoga", kwa wanawake wa pwani ni rafiki wa kike, tena ni neno linalostahili kuwemo katika kamusi hii.

Roboti iliyozoea Kiswahili sanifu nayo itaona "ndia", "mato" na "mtele" ni makosa ya kuandika. Itarejesha hariri sahihi za wazee wanaoijua lugha, na mzee akirejeshwa mara mbili harudi.

Tena msiiruhusu ifungie anwani za IP. Wengi huku huhariri kwa data ya simu, na mitandao ya simu huwapa wateja wengi anwani moja. Ukifunga safu ya /16 (anwani zote zinazofanana nusu ya mwanzo) umefunga anwani 65,536.

Nahodha_K

Hoja ya Kimvita naikubali. Lakini vipimo vya siku 30 vikionyesha kuna kinachopenya usiku, basi roboti iwe ya kubandika alama tu kwenye hariri za kutiliwa shaka, watu wa doria wakiamka waanzie hapo. Mkija kuiruhusu irejeshe, isimrejeshe mtu yuleyule kwenye ukurasa uleule mara mbili ndani ya saa 24. Isome ukurasa wa "Simama" kabla ya kila hariri, ili mkabidhi (msimamizi wa wiki) yeyote aweze kuizima bila kuigusa seva. Itumie nywila ya roboti (nywila ya pembeni ya MediaWiki yenye haki chache), yenye haki ya kuhariri pekee. Na hariri zake zisipewe alama ya roboti mwanzoni, kwani Mabadiliko ya karibuni huzificha, na makosa yake hamtayaona.

Bint_Kuze

Ahsanteni sana. Tutaanza na `$wgAutoConfirmAge`, maswali ya Kimvita na kichujio cha ufutaji kikiwa cha kumbukumbu tu. Orodha ya matusi tutaiandika wenyewe. Mhariri, hizo "ma-" na "ki-" waweza kutuletea maumbo unayoyajua kwa ujumbe wa faragha?

mhariri_Kisauni

Nitaleta, pamoja na maneno halali yanayofanana nayo. Kipimeni kichujio dhidi ya orodha zote mbili kabla ya kukiwasha.