Alteneta ya HiAce ya dizeli: nisuke koili upya au nianze wapi?

Mchuuzi wa Shimoni

Assalamu alaykum. Nina HiAce ya dizeli yenye injini ya 3L ninayoitumia kupeleka samaki kutoka Shimoni hadi soko la Kongowea, Mombasa, na nyuma nimefunga friji ya volti 12 inayokula takriban ampea 15. Barabarani sina malalamiko. Tatizo huanza nikiwa kwenye foleni ya feri Likoni: injini inaunguruma taratibu, feni ya ndani inazunguka, friji inavuta, na hapo taa ya betri kwenye dashibodi huwaka kwa mwanga hafifu na taa za mbele hufifia. Nimepima kwenye vichwa vya betri nikapata volti 12.7 injini ikiunguruma taratibu na 13.5 nikikanyaga mafuta.

Kibandiko cha alteneta, ile mashine ya kuchaji betri, kinasema ampea 60. Fundi mmoja amenishauri koili ya nje isukwe upya kwa waya mnene ili ifike ampea 100. Nina jiriwa, multimita na pasi ya kulehemu, na ningependa kuifungua mwenyewe nyumbani. Je, waya mnene utaniondolea tatizo hili?

Fundi wa Changamwe

Wa alaykum salaam, Ndugu Mchuuzi. Kwa maoni yangu waya mnene hautakufaa Likoni, na huenda ukakuzidishia shida. Nafasi ya kupitishia waya ndani ya chuma cha koili haiongezeki, kwa hivyo anayeweka waya mnene hulazimika kupunguza mizunguko yake. Mizunguko ikipungua, alteneta hutoa ampea nyingi zaidi ikienda kasi, lakini huhitaji kasi kubwa zaidi kabla ya kuanza kuchaji. Shida yako wewe iko kwenye kasi ndogo. Injini ikizunguka mara 700 kwa dakika, na puli yake ikiwa na upana mara mbili ya ile ya alteneta, rota, yaani sehemu ya alteneta inayozunguka, huzunguka mara 1,400 tu, ilhali alteneta nyingi za magari hukaribia uwezo wake kamili kwenye 6,000. Ampea 60 za kibandiko ni za barabarani, si za foleni.

Kilichonigusa zaidi ni ile taa hafifu, kwa sababu alteneta isiyo na hitilafu haiwashi taa hiyo hata kidogo injini ikiwaka. Washa injini pamoja na taa za mbele, weka multimita kwenye volti za mkondo geu (AC), kisha gusa kwa ncha moja nguzo ya kutolea umeme nyuma ya alteneta na kwa nyingine mwili wake. Ukipata zaidi ya nusu volti, shuku daiodi, vile vipande vinavyogeuza mkondo geu kuwa mnyoofu. Halafu rudisha multimita kwenye mkondo mnyoofu (DC) na upime kutoka nguzo hiyo hiyo hadi kichwa chanya cha betri, friji ikiwa inafanya kazi: upotevu ukizidi volti 0.3, waya wako wa kuchajia umechoka au viungo vyake vimeshika kutu. Watu wengi hununua alteneta mpya ilhali ugonjwa ulikuwa kwenye waya.

Nakusihi pia usimruhusu mtu yeyote aijaribu alteneta kwa kuchomoa betri injini ikiwaka. Desturi hiyo ipo sana vichochoroni, na volti zinazoruka wakati huo zinaweza kuunguza regyuleta (kidhibiti cha volti) na hizo daiodi unazozitafuta.

Mkaazi wa Tudor

Naongeza jambo ambalo sijaona likitajwa. Alteneta ya injini hiyo hubeba pampu ya vakyumu mgongoni mwake, na pampu hiyo ndiyo inayolisha busta ya breki, inayousaidia mguu kukanyaga. Ukishawishiwa kufunga alteneta kubwa kutoka gari la petroli, ambayo haina pampu, kanyagio la breki litakuwa gumu kama jiwe. Ukiifungua, kagua sili iliyo kati ya pampu na alteneta, kwa maana oili ikivuja hulowesha kaboni, zile brashi zinazopeleka umeme kwenye rota, na zikaacha kugusa pete za rota sawasawa. Na kwa gari linalolala Shimoni, karibu na maji ya chumvi, tazama pete zenyewe: mara nyingi hukuta madoa ya kijani na meusi ambayo msasa laini huyaondoa kwa dakika chache.

Mchuuzi wa Shimoni

Ahsanteni sana, wakubwa. Nimepima kama mlivyoelekeza. Mkondo geu ni volti 0.9, na upotevu kwenye waya wa kuchajia ni volti 0.6. Sasa nahitaji mwongozo wa kuifungua.

Fundi wa Changamwe

Basi una magonjwa mawili, na yote yanatibika bila kusuka chochote. Toa kwanza kichwa hasi cha betri, kisha bomba za oili na vakyumu, ukiziba midomo yake kwa kitambaa safi. Piga mstari wa alama ubavuni mwa alteneta, upite kwenye vipande vyote viwili vya kasha, ili uvirudishe vilivyokuwa. Usiibane rota kwa jiriwa unapofungua nati ya puli.

Rota ipime kutoka pete hadi pete: ohimu 2 hadi 5 ni kawaida, na kutoka pete hadi mhimili pasiwe na njia yoyote ya umeme. Sahani ya daiodi ibadilishe nzima. Unapolehemu, kamata mguu wa daiodi kwa koleo nyembamba ili koleo linyonye joto kabla halijafika ndani, na kila kiungo ukimalize upesi. Kaboni zikibaki fupi kuliko milimita 5, weka mpya. Beringi ya mbele isukume kwa ukingo wake wa nje inapoingia kwenye kasha; ukiigonga katikati utaiharibu siku hiyo hiyo. Wakati wa kufunga, zirudishe kaboni ndani na uzizuie kwa waya mwembamba ulionyooka kupitia tundu dogo la nyuma, ikiwa alteneta yako inalo, na uuvute waya huo rota ikishaingia.

Waya wa kuchajia weka wa milimita mraba 25, wenye fyuzi karibu na betri, na waya wa athi (wa upande hasi) kutoka injini hadi bodi uubadilishe pia. Puli ndogo zaidi ingeongeza kasi ya rota kwenye foleni, lakini mkanda hupata sehemu ndogo ya kushika na huteleza, kwa hivyo mimi ningeiacha. Ni afadhali upandishe mwendo wa injini gari likiwa limesimama hadi mizunguko 800 hivi kwa dakika kwa skrubu yake.

Ukimaliza, pima tena Likoni friji ikiwaka. Alteneta ikishapata joto, regyuleta yenyewe hushusha volti kidogo, kwa hivyo 13.6 isikutie wasiwasi. Ikibaki chini ya 13, ndipo utafute alteneta ya ampea 80 yenye pampu ile ile. Mkanda nao ukiwa mpya, ukaze tena baada ya siku chache, kwani hunyooka.