Hoja: Tarehe ya kufungua mwamba wa pweza itoke kwenye kompyuta?

Mwana wa Mkoani

Assalaam alaykum wanajamvi. Naleta hoja, tafadhali msinipopoe kabla hamjamaliza kusoma.

Shehia yetu iko kusini ya Pemba, sitoitaja. Tunafunga mwamba wa pweza miezi mitatu na kuufungua siku ya bamvua, maji yanapopwa mno, kama walivyofanya Kisiwa Panza na wengine. Mwezi uliopita kamati yetu ililetewa modeli, yaani hesabu za kompyuta zinazouiga mwamba na pweza wake. Walikuja vijana wawili na kompyuta mpakato na grafu ya rangi, wakasema tusifungue siku tuliyozoea. Tusubiri siku 19 zaidi, ndipo uzito wa pweza utakuwa kileleni. Kikao kikagawika papo hapo. Kuna waliosema kompyuta imeshasema, yamekwisha. Kuna waliosema kompyuta haijawahi kuchomwa mwiba mwambani, haina la kutwambia.

Mimi nilisomea hesabu, na mwaka huu kazi yangu imekuwa kusoma tafiti za mapitio, yaani zile makala zisizofanya jaribio jipya bali hukusanya kazi za wengine na kuuliza mbinu gani za kompyuta zimefaa na gani zimeanguka zilipopelekwa kwenye mifumo changamano: maradhi, masoko, umeme, uvuvi. Mfumo changamano ni ule wenye sehemu nyingi ambapo kila moja inamtazama jirani yake na kujirekebisha, mpaka jumla inatoa tabia usiyoikuta ukizichunguza moja moja. Mmewaona dagaa wanavyogeuka kwa pamoja kama kitambaa. Mwaka 1987 Craig Reynolds alionesha kwamba ndege wa kwenye kompyuta huruka kundi zima vivyo hivyo kwa kanuni tatu tu: usimgonge jirani, elekea anakoelekea, usiachwe nyuma. Hakuna nahodha humo.

Msimamo wangu: modeli tuitumie, ila tusiiulize tarehe.

Sababu ni hii. Sote tunatumia jedwali la maji kujaa na kupwa. Mwaka 1872 William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alibuni mashine ya magurudumu na kamba iliyotabiri maji ya bandari mwaka mzima mbele, na leo hata simu inafanya kazi hiyo. Inawezekana kwa kuwa mwezi haujali jedwali limeandika nini. Ukilichapisha au ukilichana, bamvua itakuja tu. Tarehe ya kufungua mwamba ikitangazwa, inageuza kile kile ilichokitabiri. Walio mbali wanatia mafuta mashine zao. Mchuuzi anashusha bei mapema, maana anajua siku hiyo pweza watajaa kila ndoo. Mwizi anaingia usiku wa siku ya 18. Modeli ile ilihesabu pweza, sisi wenyewe haikutuhesabu.

Karibuni.

Nahodha Mstaafu

Wa alaykumu salaam, mwanangu. Umesema mengi, nusu nimeyafahamu. Mie nauliza dogo: kabla ya hizo grafu tulikuwa tukifanyaje? Kusi likipoa, maji yakisafika, twaenda watu wawili watatu twapiga mbizi, twatazama mapango yana wenyewe au matupu, na waliomo ni wakubwa au vitoto. Twarudi twasema. Kosa letu li wapi hata tuletewe mashine?

Hesabu Tu

Shikamoo Nahodha. Kwa heshima yako, mwamba ule ulichoka mkiwa mnautazama. Macho yenu sina neno nayo, lakini kila mtu aliona kipande chake na hakuna aliyeyajumlisha.

Pweza wetu hakupi nafasi ya kubahatisha. Anaishi karibu mwaka mmoja, akizidi ni kidogo. Anakua kwa kasi kubwa, kisha jike hujificha na mayai yake, hali chochote, hukonda, yakianguliwa hufa. Ukifungua mapema unavua vitoto. Ukichelewa, wakubwa wako wameshaingia pangoni kufa na hukuvua kitu. Kilele kipo na kimebana, na jambo lenye kilele ndilo linalotafutiwa kwa hesabu. Siku 19 mimi naziunga mkono. Tusiikatae namba kwa sababu tu imekuja na kijana aliyevaa viatu ufukweni.

Kojani Asilia

Yakhe, skuizi kila kitu akili mnemba. Sie Mnemba tuijuayo ni kile kisiwa cha watalii kule Unguja, na hatukuwahi kusikia kwamba kina akili.

Nirudi kwenye hoja. Mwana wa Mkoani, ukisema "walio mbali wanatia mafuta" ni sisi wavuvi wa Kojani unatusema, au vipi? Sisi tumekwenda dago, kupiga kambi za uvuvi ugenini, tangu mababu, Unguja, Mrima, mpaka Kenya. Pweza wenu akikua miezi mitatu hula kaa waliozaliwa wapi? Bahari haina ukuta wa matofali. Mnafunga, sawa, lakini hakuna aliyekuja kutuuliza.

Mwana wa Mkoani

Kojani, hukukosea, nilikusudia nyinyi na wengine. Wala sikusema mnakosea. Nimesema modeli imewasahau, nawe unasema kamati imewasahau. Tuko upande mmoja.

Hesabu Tu, kwenye kilele hatugombani. Nagombana na mtu anayedhani anakiona siku kwa siku. Chukueni simu zenu, fungueni kikokotoo. Fanya mwamba una nafasi ya pweza 1,000 na mwaka huu wapo 300, yaani 0.3. Zidisha 0.3 kwa kilichobaki kufika 1, ambacho ni 0.7, kisha zidisha kwa 4, tuseme ndiyo kasi ya kuzaliana. Unapata 0.84: mwakani wapo 840. Chukua hiyo 0.84 ufanye vile vile, uendelee mara kumi. Halafu anza upya na 301. Pweza mmoja tu kaongezeka! Mwaka wa kwanza huoni tofauti, 840 kwa 842. Mwaka wa nane, 448 kwa 719. Mwaka wa kumi, hesabu moja inakupa 43 na nyingine 620. Mlinganyo huu Robert May aliuandikia makala maarufu mwaka 1976, akiwaonya wanaikolojia kwamba kanuni nyepesi kabisa inaweza kutoa fujo. Edward Lorenz aliyaona hayo hayo mapema zaidi kwenye hali ya hewa: aliingiza 0.506 badala ya 0.506127, akaondoka, na alipokwenda kutazama hewa yake ya kwenye kompyuta ilikuwa imeshika njia nyingine kabisa.

Nani katika kamati yetu anaweza kuhesabu pweza mpaka mmoja wa mwisho?

Hesabu Tu

Umecheza karata kwa ujanja. Hiyo 4 umeichagua wewe. Rudia hesabu yako ukizidisha kwa 2.5. Anza na 300, anza na 301, anza hata na 100: zote zinatulia kwenye 600 na zinakaa. Mfumo changamano si lazima uwe na fujo. Isitoshe, kutoweza kutabiri mvua ya Jumanne hakukuwazuia watu kuijua tabianchi. Syukuro Manabe na Klaus Hasselmann walipewa Nobel ya Fizikia mwaka 2021 kwa kazi hiyo hiyo, nusu nyingine akapewa Giorgio Parisi kwa kazi yake juu ya mifumo yenye vurugu.

Mwana wa Mkoani

Kweli, 2.5 inatulia. Na mwamba wetu ni 4 au ni 2.5? Ukinionesha takwimu za shehia yetu zinazoweza kutenganisha hizo mbili, nakupa pweza wa kilo tano.

Mhitimu wa Wete

Niingie na kisa cha mbali, maana tunabishana kana kwamba sisi ndio wa kwanza.

Newfoundland, Kanada, walikuwa na samaki aina ya chewa wa baridi waliovuliwa kwa karne nyingi. Wataalamu walikuwa na modeli za kisasa kwa wakati ule, na sehemu kubwa ya namba walizozilisha ilitoka kwenye meli kubwa za kukokota nyavu. Meli zilikuwa zikipata samaki vizuri, modeli ikasema samaki wapo. Kumbe samaki walivyopungua ndivyo waliobaki walivyojikusanya, na meli zenye vyombo vya kuwasaka ziliwafuata huko huko. Wavuvi wadogo wa pwani walikuwa wakilalamika kwamba samaki wanazidi kuwa wachache na wadogo. Tarehe 2 Julai 1992 serikali ikafunga uvuvi ule. Watu zaidi ya 30,000 wakakosa kazi. Walisema ni kwa miaka miwili. Marufuku yenyewe iliondolewa mwaka 2024.

Mimi sichukui kisa hiki kusema modeli ni uongo. Kompyuta ilizidisha na kujumlisha sawasawa. Ila iliulizwa kupitia macho ya mtu mmoja, mwenye meli kubwa.

Na kwa pweza, karibu yetu: Andavadoaka, Madagaska, walianza kufunga mwaka 2004. Utafiti uliochapishwa 2015 ulikusanya ufungaji mara 36. Mwezi wa kufungua, pweza walioletwa ufukweni waliongezeka kwa zaidi ya asilimia 700. Lakini kwa kila mvuvi kwa siku, ongezeko lilikuwa karibu asilimia 90 tu. Kapimeni wenyewe tofauti hiyo ilikwenda wapi. Ilikwenda kwa watu: mwamba ukifunguliwa, hata asiyevua huvua.

Nahodha Mstaafu

Hilo la hata asiyevua huvua nimeliona kwa macho yangu. Mwaka mmoja alikuja fundi cherehani na mkuki wa kuazima. Akamchoma mwenziwe mguu.

Bi wa Pwani

Kaka zangu, nimesoma toka juu mpaka chini. Manabe, Lorenz, chewa wa baridi. Sasa nisomeni na mimi.

Mimi navua kwa miguu. Sina chombo, sina miwani ya kuzamia. Nafika mwambani bamvua tu, maji yanapotoka mpaka mwamba ukabaki wazi, yaani siku nne tano, kisha nasubiri bamvua nyingine. Kutoka bamvua hadi bamvua ni siku 14 au 15. Tumezoea kufungua siku ya bamvua. Haya, ongezeni hizo siku 19 kwa vidole. Siku ya 15 bamvua ya pili imefika. Siku ya 19 maji yanaelekea kufa.

Mmenifahamu? Siku mliyoletewa na mashine, mwamba uko chini ya maji. Sisi wanawake wa shehia nzima tutasimama ufukweni na ndoo zetu, tuwatazame wenye vyombo na miwani wakichukua wote. Ikifika bamvua ya tatu ndio tunaitwa tukaokote vitoto vilivyobaki. Na doria ya miezi mitatu tumefanya sote.

Anayetumia jedwali la maji hakosei hivyo. Aliyeitengeneza modeli alisahau mwezi.

Hesabu Tu

Bi, nimehesabu mara mbili. Uko sawa. Sina la kujitetea, niliiunga mkono tarehe ile na sikuiona hiyo.

Mwana wa Mkoani

Wala mimi. Nimeandika aya nzima juu ya mashine ya Kelvin, na bamvua ikanipita puani.

Kosa hili ni la namna ambayo yale mapitio huiita ya lengo. Modeli ilipewa kazi ya kutafuta siku yenye uzito mkubwa kabisa, ikaitafuta kwa uaminifu. Uzito utabebwa na nani hakuna aliyeiuliza. Ongeza sharti moja, kwamba siku iwe ya bamvua, na jibu linakuwa ama siku ya mazoea ama siku 15 baadaye. Majibu yote yamebaki mawili tu! Halafu iulizwe kinyume na ilivyozoea kuulizwa. Isiulizwe siku gani ni bora. Iulizwe: tukikosea kiwango cha kukua kwa robo, tukikosea idadi ya majike, watu wakija mara tatu ya tulivyodhani, ni ipi kati ya siku mbili hizi itatuumiza kidogo? Kuna modeli ambamo kila mvuvi ni mtu wake, mwenye chombo au asiye nacho, anayesikia bei na kuamua. Humo Kojani utakuwemo, na Bi pia. Sitegemei zitatoa namba ya kuapia. Ila zinaonesha nani anaumia kanuni ikigeuzwa, na hilo ile grafu ya rangi haikuligusa kabisa.

Kojani Asilia

Mie nikiwekwa kwenye kompyuta wasinifanye mwizi wa usiku wa 18.

Hesabu Tu

Hata hivyo narudi kwa Nahodha. Kubaki na siku mbili ni maendeleo, lakini kuchagua moja kunataka namba za hapa kwetu: uzito wa pweza mmoja mmoja, jike au dume, siku gani, kwa kila ufungaji uliopita. Wale vijana walitumia kiwango cha kukua cha mahali pengine. Sisi hatuna kitu. Kamati inaandika jumla ya kilo, basi.

Nahodha Mstaafu

Jumla yenyewe huandikwa jioni, kwa kukumbuka.

Bi wa Pwani

Namba zipo. Napimia mchuuzi mmoja kwa mzani wangu tangu ufungaji wa kwanza, na kila pweza nimemwandika, maana nililipwa kwa kichwa. Jike au dume sikuandika, lakini wenye mayai nimewatia alama, kwa sababu bei yake ilikuwa nyingine. Daftari ni matatu, moja limeingia maji ya chumvi lakini linasomeka.

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Anayetaka kuyanakili aje bamvua hii, kabla ya saa tatu asubuhi. Ikifika saa nne maji yameshatoka, mimi niko mwambani.