Neema ana usaili kesho

Kundi: NYUMBANI KWA MAMA NEEMA

Neema: Shikamooni. Kesho saa tatu nina usaili, mhandisi mitambo, kiwanda cha vinywaji. Mniombee.

Shangazi Rehema: Marahaba mama. Kwani na dokta wa PhD naye anasailiwa?

Elia: 😂 Shangazi, huyo ndiye wanamwogopa zaidi.

Neema: Kweli. Kwenye usaili wa mwanzo waliniuliza swali moja tu la pampu. Muda wote uliobaki ni "kwa nini usibaki chuoni ufundishe?"

Elia: Na kesho litakuja. Wanahofia utawakimbia chuo kikitangaza nafasi. Usiseme unapenda changamoto, kila mtu anasema hivyo.

Neema: Nitawaambia ilivyo. Udaktari wote nimepima turbini ya Francis, ile inayozungushwa na maji, ya maabara, ndogo, unaikumbatia. Kule Rufiji, bwawa la umeme la Nyerere, zipo 9 na kila moja ni megawati 235. Nataka mashine ambayo ikizima kuna mtu anapiga simu kulalamika.

Elia: Sema hivyohivyo. Bodi ya wahandisi, ERB, je?

Neema: Nimesajiliwa mhandisi mhitimu. SEAP, yale mafunzo ya kazini chini ya msimamizi, bado.

Elia: Basi waulize wewe kama pale kuna mhandisi mtaalamu wa kukusimamia. SEAP ni miaka 3, usiingie mahali ukakosa wa kukusainia.

Mjomba Ambakisye: Neema. Kisima, maji yako mita 12 chini. Pampu umeifunga juu. Ina nguvu za kutosha. Itavuta?

Neema: Shikamoo mjomba. Tukianza na mlinganyo wa Bernoulli, tuchukue shinikizo kwenye uso wa maji, halafu

Mjomba Ambakisye: Marahaba. Nimeuliza itavuta au haivuti.

Elia: 😂😂😂

Neema: Haivuti.

Mjomba Ambakisye: Sababu?

Neema: Pampu inaondoa hewa bombani tu, hewa ya nje ndiyo inayosukuma maji yapande. Na inasukuma mita 10 na kidogo basi, hata ufunge mota ya treni. Hiyo ni Dar, usawa wa bahari. Hapo kwenu Mbeya, mita 1,700 juu, hewa ni nyepesi, haifiki 8 na nusu. Toa msuguano wa bomba, mimi ningetegemea 6. Zaidi ya hapo natumbukiza pampu ya kuzama.

Mjomba Ambakisye: Aisee. Sisi huku tulikuwa tunafunga kwa 6, kitabu kinasema 7, tukadhani bomba zetu ni mbovu.

Elia: Hiyo ya Mbeya usiiache kesho. Ila itangulie "haivuti".

Mjomba Ambakisye: Pampu inapiga kelele kama imemeza kokoto.

Neema: Naanza upande wa kuvutia. Tenki lina maji? Valvu imefunguka yote? Chujio limeziba? Nikishamaliza hapo ndiyo nizungumzie kavitesheni, yale mapovu ya mvuke yanayopasukia ndani ya pampu.

Mjomba Ambakisye: Na kabla hujafungua chujio?

Neema: Nazima pampu.

Mjomba Ambakisye: Ukishazima?

Neema: Kufuli kwenye swichi, funguo mfukoni mwangu, valvu nafunga.

Elia: Kazini kwetu asiyetaja kufuli hapiti, awe profesa.

Shangazi Rehema: Na viatu? Usije ukavaa vile virefu.

Neema: Watatuzungusha kiwandani shangazi, viatu vya usalama wanatoa wao.

Shangazi Rehema: Basi angalia soksi zisiwe na tundu.

Mama Neema: Mshahara usitaje wewe kwanza.

Elia: Mama, siku hizi wanauliza kwenye fomu kabisa. Aandike kiwango, asiandike "maelewano".

Mama Neema: Kiwango gani?

Elia: Nakuja inbox Neema.

Shangazi Rehema: Hapa si familia? 🙄

Mjomba Ambakisye: La mwisho. Pampu 2 za aina moja, umeziunga sambamba kwenye bomba lilelile. Maji yanaongezeka mara mbili?

Shangazi Rehema: Shemeji, mwache mtoto alale!

Neema: Hayafiki mara mbili. Maji yakizidi, msuguano bombani unapanda, kila pampu inatoa pungufu ya ilivyokuwa peke yake.

Mjomba Ambakisye: Kalale.