Mitungi ya chuma ya ubavuni kwa mapango: LP85, HP100 au LP108?

Jongoo_Maji: Wakuu, habari zenu. Kozi ya mapango nimemaliza kwa mitungi ya alumini ya lita 11, sasa nataka jozi ya chuma ya kubeba ubavuni. Nazamia maji baridi yasiyo na chumvi, kwa suti kavu, ile isiyoingiza maji. Nimechuja nikabaki na LP85, HP100 na LP108 (LP ni shinikizo la chini, HP la juu, namba ni futi za ujazo za gesi). Mnasemaje?

KambaNyembamba: LP85, wala usiumize kichwa. Kipenyo chake ni karibu sentimita 17.8, unakaa vizuri chini ya kwapa. LP108 una sentimita 20.3. Kwenye karatasi tofauti ni ndogo, lakini unabeba miwili, kwa hiyo umejiongezea sentimita tano za upana. Kwenye mwanya wa kujibana hizo tano utazisikia zikikwaruza ukuta.

PimaKwanza: Hapo kwenye LP108 sina ubishi. Ila HP100 usiupite haraka. Ujazo wake wa ndani na wa LP85 unakaribiana mno, kama lita 13. Ukijaza yote shinikizo la bar 180, gesi ni ileile. Kinachotofautiana ni mhuri shingoni, yaani shinikizo la juu linaloruhusiwa: LP85 ni bar 182, HP100 ni bar 237. Ukipata kompresa inayofika 230, HP100 unakupa lita 600 na ushee zaidi za gesi kila mtungi. Gharama yake ni unene kidogo na uzito, na huo uzito unauhisi zaidi ukipanda ngazi kuliko majini.

KambaNyembamba: Lakini mkuu, Florida wazamiaji wa mapango wanajaza LP85 kupita mhuri miaka nenda rudi.

PimaKwanza: Mazoea si ruhusa. Mimi anayejaza hivyo sisimami karibu naye.

Bi_Bomba: Ndugu zangu, mmesahau mkao. Alumini ikikaribia kuisha, kitako kinaelea juu, ndiyo maana unahamisha klipu kwenda pete ya mbele katikati ya safari. Chuma kinatulia. Lakini gesi nayo ina uzito: jozi ya lita 13 kwa bar 180 inabeba zaidi ya kilo tano za gesi, juu ya chuma chenyewe. Jaketi la kuelea likipasuka, suti kavu ukiitia hewa itakuinua. Mwenye suti ya mpira hana pa kushika, huyo abaki na alumini. Wewe Jongoo uko salama.

Jongoo_Maji: Asante dada. Kuna mtu anauza LP85 moja na HP100 moja, bei nzuri. Nichanganye?

Bi_Bomba: Hesabu ya theluthi haitaharibika, maana ujazo ni karibu sawa: bar 60 kuingia, 60 kutoka, 60 akiba. Shida ni kwamba mmoja mzito kuliko mwenzake, utakuwa unaviringika upande mmoja muda wote. Tafuta jozi ya mtengenezaji mmoja, yenye valvu ya kushoto na ya kulia, ili vishikio vyote viwe karibu na mkono wako.

KambaNyembamba: Na kama ni ya mitumba, omba valvu ifunguliwe mbele yako. Pindua mtungi juu ya karatasi nyeupe, ugonge taratibu. Ukiona unga wa kahawia unadondoka, mulika tochi ndani uone kutu imechimba au ni ya juujuu tu. Ikiwa imechimba, mrudishie mtungi wake.