Naomba ushauri: bingwa aliyeshindwa katika ligi yetu ya mieleka ya kuandika anataka matokeo yafutwe

Mwana wa Langoni (Lamu)

Assalaam alaykum ndugu zangu, wakubwa kwa wadogo.

Mimi ni kijana wa miaka kumi na sita, mwanafunzi wa sekondari hapa Lamu mjini, na ninasimamia ligi ya mieleka ya kubuni inayoendeshwa kwa maandishi kwenye kundi la WhatsApp. Kwa wasioufahamu mchezo huu nitaueleza kwanza, kwa kuwa bila hivyo tatizo langu halitaeleweka. Kila mwanachama hubuni mwanamieleka wake: jina, kimo, uzani, tabia, mji atokako na pigo lake la kumalizia pambano. Mimi hutangaza ratiba, nani atakutana na nani, pamoja na siku ya mwisho ya kuwasilisha maandishi. Kabla ya siku hiyo kila mmoja huandika promo, yaani hotuba au kisa ambamo mhusika wake anamkabili mpinzani kwa maneno. Hatutumii kete wala programu ya kompyuta kuamua mshindi. Aliyeandika vizuri zaidi ndiye anayeshinda, kisha mimi huandika pambano lenyewe tangu kengele ya kwanza hadi mwamuzi wa ulingoni anapohesabu tatu. Tunaandika kwa Kiswahili, na wanachama wetu wako Lamu, Malindi, Mombasa, Tanga na Unguja, karibu wote wakiwa wanafunzi.

Mkanda wa ubingwa ulikuwa wa Nahodha Kaskazi, mhusika wa rafiki yangu ambaye nimekuwa naye tangu tulipokuwa chuoni tukisoma Juzuu Amma. Katika usiku wa mapambano uliopita alikutana na Mfua Chuma, mhusika wa dada mmoja wa Malindi. Promo ya rafiki yangu ilikuwa ndefu mno na yenye vitisho vingi, lakini hakuna sentensi ndani yake ambayo isingeweza kuelekezwa kwa mpinzani mwingine yeyote. Ya yule dada haikufika nusu ya urefu huo. Mfua Chuma ameketi karakanani anatengeneza nanga, na kila anaposhusha nyundo anataja ahadi moja ambayo Nahodha aliitoa mbele ya watu katika mapambano ya nyuma na hakuitimiza. Nilimpa ushindi bila kusita, na nikizisoma upya promo zote mbili sioni uamuzi mwingine ambao ungekuwa wa haki.

Rafiki yangu anasema nimempendelea kwa sababu ni msichana, na kwamba haifai mtu mmoja awe msimamizi, mwamuzi na mwandishi wa pambano. Wanachama wamegawanyika. Wako wanaotaka matokeo yafutwe, na wako wanaotaka kuanzia sasa mshindi apatikane kwa kura. Mwanachama mmoja amemwandikia yule dada maneno makali yasiyomhusu Mfua Chuma hata kidogo, bali yeye mwenyewe na familia yake, nami nimemtoa kundini kwa muda. Mwakani ninaingia kidato cha nne. Naomba mnishauri: je, nifute matokeo? Je, kura ni njia ya haki? Na ligi itaishi vipi nitakapokuwa sina nafasi? Ninaipenda sana, na humo nimewaona vijana ambao darasani hawaandiki insha ya ukurasa mmoja wakikesha kuandika.

Baharia wa Zamani (Mombasa)

Wa alaykum salaam, mdogo wangu. Nilipokuwa na umri wako nilishiriki katika ligi kama hii, iliyokuwa ikiandikwa kwa Kiingereza na watu wa nchi mbalimbali, na baadaye nikaisimamia. Mchezo huu una umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kabla ya intaneti uliendeshwa kwa barua za posta, na katika miaka ya 1990 ukahamia kwenye vikundi vya majadiliano vya Usenet na kwenye huduma za intaneti kama AOL. Ugomvi unaouona leo uliwasumbua wasimamizi wote waliotangulia, kwa hiyo majibu yake yameshajaribiwa.

Matokeo usiyafute. Ukiyafuta, kila atakayeshindwa baadaye atajua kwamba kelele zina thamani kuliko promo, na yule dada atakuwa amenyang'anywa kitu alichokipata kwa kalamu yake. Mpe rafiki yako pambano la marudiano, kwa kuwa ni desturi ya mieleka kwamba bingwa aliyepoteza mkanda hupewa nafasi ya kuudai, na tangaza kwamba haki hiyo itakuwa ya kila bingwa kuanzia sasa. Hapo hutakuwa umempendelea mtu.

Kuhusu kura, nakusihi usiingie huko. Nimeiona kura ikiua ligi nzuri. Wanachama wengi hawasomi promo zote mbili hadi mwisho; humpigia wanayemjua, na katika kundi lenye watu wengi wa Lamu kuliko wa Malindi matokeo yatajulikana kabla hata ya kuandika. Zipo pia programu zinazopanga matokeo kwa kutumia nguvu na ustadi wa wahusika pamoja na bahati, na hizo hazina upendeleo, lakini zikitumika mtu atakayeandika kwa siku tatu na atakayeandika kwa dakika tatu watakuwa sawa. Ligi yenu ni ya waandishi, na mwandishi anahitaji msomaji.

Mnachohitaji ni waamuzi watatu badala ya mmoja. Wateuliwe miongoni mwa wanachama ambao hawamo katika pambano husika, na kila mmoja asome peke yake na akutumie uamuzi wake pamoja na sababu kabla ya kujua wenzake wamesema nini. Jambo hili la kutoambizana ni kubwa, maana mkikaa pamoja mwenye sauti nzito ndiye ataamua kwa niaba ya wote. Wewe ubaki kuwa msimamizi na mwandishi wa mapambano. Ukiwa na mhusika wako mwenyewe, asigombee mkanda kamwe.

Weka pia mipaka ya kuandika: promo moja au mbili kwa kila pambano, na idadi ya juu ya maneno. Pasipo mpaka, wenye muda mwingi huwazidi wenye ustadi. Kuna hila nyingine ambayo bila shaka umeshaiona, ya mtu kusubiri hadi dakika za mwisho ili asome promo ya mpinzani kisha ajibu wakati mwenzake hana tena nafasi. Dawa yake ni kwamba promo ya kwanza itumwe kwako kwa siri na pande zote mbili, uzitoe pamoja, kisha kila mmoja apewe siku mbili za kuandika jibu moja. Kwa njia hiyo mnahifadhi majibizano, ambayo ndiyo utamu wa mchezo.

Msomaji Tu (Nairobi)

Sielewi kwa nini mnagombana. Mieleka yenyewe ya televisheni ni maigizo, na mshindi hupangwa. Nanyi pangeni mshindi kwa makubaliano, muandike kwa amani.

Kijana wa Tanga

Ndugu Msomaji, unalosema ni kweli kuhusu televisheni, na wala si siri. Mwaka 1989 kampuni ya WWF, ambayo leo inaitwa WWE, ilieleza mbele ya Seneti ya jimbo la New Jersey nchini Marekani kwamba mapambano yake ni burudani na si mashindano halisi, kwa kuwa ilitaka kuondolewa masharti na malipo yaliyowekewa michezo ya ushindani. Zipo pia ligi za maandishi ambamo wanachama hukubaliana mshindi tangu mwanzo na kushirikiana kuandika pambano. Mimi ni mwanachama wa ligi hii inayojadiliwa, na nasema kwa yakini kwamba kwetu mtindo huo hautafaa. Wengi wetu tuliingia kwa sababu ya ushindani. Tukijua mapema nani atashinda, promo zitakuwa za kutimiza wajibu tu.

Msimamizi, nataka kuongeza jambo la muda, kwa sababu limechangia ugomvi huu kuliko inavyoonekana. Ninyi wa Kenya hufunga shule mwezi wa nne, wa nane, na kuanzia mwezi wa kumi na moja. Sisi wa Tanzania likizo zetu kubwa ni mwezi wa sita na wa kumi na mbili. Rafiki yako aliandika akiwa ametoka bweni siku hiyo hiyo, ambako hakuwa na simu, na mpinzani wake alikuwa nyumbani wiki nzima. Siungi mkono lawama zake, lakini uchovu wake naufahamu. Napendekeza mapambano ya mkanda yafanyike mwezi wa Disemba peke yake, ambapo sote tuko nyumbani, na likizo nyingine ziwe za mapambano ya kawaida. Hivyo hata nawe mwakani utaweza kufanya mtihani wako wa KCSE bila ligi kukudai kitu, na mapambano makubwa yakukute umeshamaliza.

Mama wa Shela

Mwanangu, nimesoma yote, na nasikitika kwamba wote wanazungumzia mkanda huku yule binti aliyetukanwa akipitwa kama kivuli. Je, kuna aliyempigia kumuuliza hali yake? Je, wazazi wake wanajua? Katika kundi la kawaida la WhatsApp kila mwanachama huiona namba ya simu ya mwenzake, na huyo uliyemtoa bado anayo namba ya binti huyo. Kumtoa kundini hakujamzuia kumwandikia faraghani. Mwambie binti amfungie namba, ahifadhi picha za maneno aliyoandikiwa, na amwonyeshe mama yake. Maneno yakizidi, hapa Kenya mtoto au mzazi anaweza kupiga 116, namba ya bure ya kusaidia watoto.

Jambo la pili ni kwamba ninyi ni watoto mbele ya sheria hadi mtimize miaka kumi na minane, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi kabla ya taarifa za mtoto kukusanywa na kutumiwa. Sikuambii haya ili kukutisha. Nakuambia ili usikusanye majina kamili, shule na namba za wenzako katika daftari lolote la ligi, kwa kuwa jina la mhusika linatosha. Mtu mzima akiomba kujiunga, hata akiwa mwandishi hodari, mwulize mzazi wako kwanza.

Na kuhusu matusi, wewe ni mtoto wa Lamu na umeona kirumbizi tangu ukiwa mdogo. Fimbo hugongana kwa mdundo wa ngoma na zumari, wachezaji hutishana, lakini anayetafuta kumuumiza mwenzake amekwisha kuiharibu ngoma. Andikeni sharti hilo juu kabisa: maneno yote ni ya mhusika kwa mhusika, na nyumba ya mtu haiguswi.

Mwalimu wa Malindi

Ninafundisha Kiswahili, na kwangu uzi huu ni habari njema. Nakubaliana na Baharia kuhusu waamuzi watatu, lakini nadhani hata watatu hawatatosha ikiwa hawaandiki sababu zao hadharani. Kijana, ulichotueleza kuhusu nanga na ahadi iliyovunjwa ni uhakiki mzuri kabisa. Je, uliwaandikia wanachama hivyo hivyo, au walipata pambano tu likiwa na mshindi? Mwandishi aliyeshindwa akiambiwa waziwazi kwamba promo yake haikumgusa mpinzani wake, anaweza kuudhika leo, lakini kesho atajua la kurekebisha. Asipoambiwa sababu ataitafuta mwenyewe, na ya kwanza kumjia itakuwa upendeleo.

Toeni vigezo kabla ya msimu kuanza, viwe vichache. Mimi ningetazama kama promo inamjibu mpinzani huyu na si mwingine. Kama inaendeleza yaliyotokea katika mapambano ya nyuma. Kama sauti ya mhusika inatambulikana hata jina lake likifichwa. Na mwisho kabisa ufasaha wa lugha, ambao usizidi uzito wa hivyo vingine, kwa kuwa mtu wa Tanga na mtu wa Lamu hawasemi sawa na kila mmoja ana haki ya lafudhi yake.

Msidhani pia kwamba mmeiga jambo geni. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa na ya Bwana Zahidi Mgumi wa Lamu, yaliyotungwa katika uhasama uliofikia vita vya Shela mwanzoni mwa karne ya 19, ni kejeli na vitisho vya watu walioujua vyema upande wa pili na kuusema kwa majina na matukio yake. Mpe rafiki yako ayasome kabla ya marudiano. Naamini atakachokiona humo ni kile kile kilichomshinda kwenye promo ya Mfua Chuma.

Mwana wa Langoni (Lamu)

Nawashukuru sana. Mama, nimezungumza na dada yetu jana jioni, naye alikuwa ameshamweleza mama yake. Ameomba aliyemtukana asirudishwe, nami nimekubali, hatarudi. Tunatafuta njia ya kuhamia mahali ambapo namba za simu hazionekani.

Mwalimu, sababu niliziandika, lakini nilimtumia rafiki yangu peke yake ili asione haya mbele ya wenzake. Kuanzia sasa zitatolewa kwa wote, kwa kila pambano. Nimemweleza haya ana kwa ana tukiwa ufukweni, na ingawa bado anaamini alistahili kushinda, amekubali marudiano ya Disemba mbele ya waamuzi watatu. Dada naye amekubali. Kanuni nilizoandika ni hizi:

Kifungu cha 1: Maneno yote ni ya mhusika kwa mhusika. Anayemgusa mtu, familia yake, dini yake au mji wake kwa matusi anatoka.

Kifungu cha 2: Kila pambano la mkanda litakuwa na waamuzi watatu wasiokuwamo katika pambano hilo, kila mmoja akiandika uamuzi na sababu bila kuwasiliana na wenzake.

Kifungu cha 3: Promo ya kwanza isizidi maneno 800 na itumwe kwa siri, jibu lisizidi maneno 400 na litolewe ndani ya siku mbili baada ya promo zote kutangazwa.

Kifungu cha 4: Kanuni mpya haibadilishi matokeo ya zamani.

Mwalimu wa Malindi

Ni nzuri, hasa cha nne. Kifungu cha 2 kina pengo: mwamuzi mmoja akikosa bando au akiitwa shuleni, mtabaki wawili na huenda wakatofautiana. Tena hamjasema lolote kuhusu waamuzi wanaotoka mji mmoja na mshindani. Ningekiandika hivi: "Kila pambano la mkanda litakuwa na waamuzi watatu na mmoja wa akiba, watakaotajwa kabla ya promo ya kwanza kuwasilishwa, asiwepo miongoni mwao zaidi ya mmoja anayetoka mji wa mshindani yeyote, na nafasi ya uamuzi usiofika kwa wakati itachukuliwa na ule wa mwamuzi wa akiba."

Mwana wa Langoni (Lamu)

Nimekibadilisha kama ulivyoandika, Mwalimu. Kijana wa Tanga, wewe ndiye wa akiba kwa Disemba, ukiridhia.

Kijana wa Tanga

Nimeridhia.