Pampu ya maji taka inavuta kidogo kisha inaacha: ubovu uko kwenye pampu au kwenye tangi?

Matanga Mawili aliuliza:

Salamu kwenu mabaharia wenzangu. Mashua yangu ya matanga ina tangi la plastiki la maji taka lenye ujazo wa lita 60, lililofungwa chini ya kitanda cha mbele, nalo huondolewa uchafu kwa pampu ya umeme ya volti 12, ya aina ile yenye visu vya kusagia na impela ya mpira (gurudumu lenye mabawa linalosukuma maji) nyuma ya visu. Tukiwa mbali na pwani hufungua koki ya kutolea nje, nikabonyeza swichi, na kwa miaka yote tangi limekuwa likimalizika bila shida yoyote.

Siku hizi pampu huanza vizuri kwa mlio wake mzito wa kawaida, lakini muda mfupi baadaye mlio hubadilika ukawa mwepesi na wa kasi, na maji hukoma kutoka ilhali tangi bado limejaa zaidi ya nusu. Nikizima na kusubiri kama saa moja, huvuta tena kidogo, kisha hali hujirudia. Betri zimejaa na fyuzi haijaungua. Kuna jambo jingine ambalo sijui kama linahusiana na hili: wakati pampu inafanya kazi, maji machache yanayobaki kwenye bakuli la choo hushuka yenyewe, na hutoa sauti kama ya mtu anayegugumia maji. Kabla sijaagiza pampu mpya, ningependa kujua wapi pa kuanzia.

Fundi wa Ngama alijibu:

Ndugu, usiagize pampu bado. Hayo maji ya bakuli yanayoshuka yenyewe ndiyo yaliyokupa jibu.

Pampu haiwezi kutoa lita moja ya maji kwenye tangi lililofungwa pasipo lita moja ya hewa kuingia kuchukua nafasi yake, na kazi ya kuingiza hewa hiyo ni ya bomba la pumzi, lile jembamba linalotoka juu ya tangi na kuishia kwenye tundu dogo ubavuni mwa mashua. Bomba hilo likiziba, kila tone linalotoka huongeza mvuto ndani ya tangi, hadi impela inashindwa kuushinda na kuanza kuzunguka katika mapovu, na ndiyo maana unasikia mlio ukiwa mwepesi. Wakati huo tangi hutafuta hewa popote inapopatikana, na njia rahisi ni kupitia choo, kwa kuwa ile vali ya mpira ya mdomo wa bata iliyo nyuma ya choo huruhusu vitu kuelekea kwenye tangi. Ukisubiri saa moja, hewa hupenya humo polepole, tangi likapata nafuu, nawe ukapata lita chache zaidi.

Kuthibitisha ni rahisi. Fungua polepole mfuniko wa sitahani, ule unaotumika kufyonzea tangi ukiwa bandarini, kisha washa pampu. Ufungue ukiwa umekaa upande wa upepo na uso ukiwa mbali, kwa sababu bomba la pumzi lililoziba huweza pia kufungia gesi ndani, na gesi ya tangi la maji taka ina haidrojeni salfaidi, ambayo ikizidi hupumbaza pua ukadhani harufu imekwisha. Endapo maji yatatoka mfululizo mfuniko ukiwa wazi, hakuna haja ya kuigusa pampu hata kidogo.

Nikusihi pia usiendelee kuwasha na kuzima hivyo ukitumaini litaisha. Tangi la plastiki lenye kuta bapa hukunjika kwa ndani chini ya mvuto wa namna hiyo, na maungio ya mabomba yake hupasuka. Weka kiganja ubavuni mwa tangi pampu ikiwa inafanya kazi. Ukihisi ukuta unaingia ndani, zima mara moja.

Kuhusu kulizibua bomba la pumzi, anzia nje. Tundu la ubavuni mara nyingi huzibwa na chumvi, rangi ya mashua au kiota cha mdudu, na waya laini unatosha. Uchafu ukiwa umekauka ndani ya bomba lenyewe, lichomoe kwenye tangi na ulisafishe kwa maji matamu ya moto hadi yapite bila kizuizi. Usisukumie maji ya shinikizo kubwa kuelekea kwenye tangi, maana hayo nayo hupasua. Kisha fuata njia yote ya bomba kwa mkono: lisiwe na mahali linaposhuka na kupanda tena, kwani hapo ndipo maji hutuama na kuziba hewa. Kama kuna kichujio cha mkaa cha kuzuia harufu, kitoe ukikague, kwa kuwa mkaa ukishalowa haupitishi hewa.

Mshika Usukani alijibu:

Nakubaliana na Fundi kuhusu bomba la pumzi, na mimi pia ningeanzia hapo. Hata hivyo nisingeiacha pampu bila kuikagua, kwa sababu impela ya mpira hupozwa na kulainishwa na majimaji yanayopita, na pampu ya aina hii ambayo imekuwa ikizunguka mara kwa mara bila kuvuta kitu huenda impela yake imekwisha kuungua pembeni.

Suuza tangi kwa maji matamu, funga koki, toa fyuzi, vaa glavu, kisha fungua kifuniko cha upande wa impela. Angalia ncha za mabawa yake: zikiwa zimeng'aa, zimekatika au zimejikunja upande mmoja bila kurudi, badilisha. Vipande vya bawa vilivyokatika vitafute hadi uvipate, la sivyo vitakwama mbele kwenye vali au kwenye kona ya bomba. Unaporudisha, paka grisi ya silikoni. Mafuta ya petroli na grisi za kawaida za gari huvimbisha aina nyingi za mpira. Kagua pia shimo dogo la kudondokea lililo kati ya kichwa cha pampu na mota. Ukiona michirizi ya maji hapo, sili ya mhimili (mpira unaozuia maji yasipenye kwenye mota) imechoka, na kinachofuata baada ya sili ni mota kuingia maji.

Niongeze jambo la umeme, ingawa dalili zako hazielekei huko. Pampu za kusaga hutumia umeme mwingi, ampea 10 hadi 20 kulingana na aina na mzigo, kwa hiyo betri iliyojaa haitoshi kukuhakikishia kwamba pampu inapata volti zake. Pima kwenye vichwa vya waya pale pale kwenye pampu, ikiwa inazunguka. Kama betri inaonyesha 12.5 na pampuni unasoma chini ya 11, waya ni mwembamba au kiungio kimeota kutu. Na pampu inayounguruma bila kuzunguka baada ya kukaa miezi mingi, kwa kawaida imeganda tu. Aina nyingi zina mfereji mwishoni mwa mhimili wa mota, nyuma, ambapo unaingiza bisibisi na kuuzungusha kwa mkono hadi uachie. Toa fyuzi kwanza.

Upepo wa Nyuma alijibu:

Mimi ningemwaga dawa kali ya kuzibulia sinki ndani ya bomba, ikae usiku kucha.

Fundi wa Ngama alijibu:

Hapana, tafadhali. Dawa hizo huchoma mipira ya vali na sili za pampu, na mkono wako ukija kufungua bomba utakutana nazo. Ukoko mweupe unaofunga mabomba ya choo cha mashua ni wa madini, hasa kalsiamu, unaotokana na mkojo kukutana na maji ya bahari, na kinacholainisha ukoko wa namna hiyo ni asidi nyepesi kama siki. Mimina siki, iache saa chache, kisha suuza kwa maji matamu kwa wingi. Isikae kwa siku nyingi, kwa sababu mpira wa mdomo wa bata huvimba ukakosa kufunga. Mwenye tangi la alumini asiiachie asidi ifike huko. Na kamwe siki au asidi yoyote isichanganywe na dawa ya klorini ya kufulia, maana mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, nawe uko ndani ya chumba kidogo kisicho na dirisha la maana.

Matanga Mawili alijibu:

Nashukuru sana. Nilifungua mfuniko wa sitahani kama nilivyoelekezwa, na tangi likamalizika kwa mkupuo mmoja, mlio ukiwa mzito mwanzo hadi mwisho. Tundu la nje lilikuwa safi, lakini bomba la pumzi lilikuwa na kizibo kigumu cha kahawia karibu kabisa na tangi, inawezekana kutokana na tangi kujazwa kupita kiasi mashua ikiwa imelala upande. Impela ina mabawa mawili yaliyoliwa nchani, kwa hiyo nitaibadilisha. Swali la mwisho: kati ya pampu na koki ya kutolea kuna bomba lililopinda na kupanda juu, lenye vali ndogo kileleni. Je, naweza kuliondoa ili njia iwe fupi?

Mshika Usukani alijibu:

Usiliondoe. Tundu la kutolea likiwa chini ya usawa wa maji, bahari inaweza kurudi kupitia pampu hadi kwenye tangi, na kutoka hapo chooni na ndani ya mashua. Kile kilele na vali yake ya hewa ndivyo vinavyokata mvuto huo, na kilele lazima kibaki juu ya maji hata mashua inapolala upande. Vali hiyo huganda kwa chumvi, basi ifungue na kuiosha kwa maji ya vuguvugu kila unapokagua pampu. Mahali pake ni upande huo wa kutolea. Ikiwekwa kati ya tangi na pampu, itaingiza hewa na pampu haitavuta. Pamoja na hayo, koki ifungwe kila unapomaliza kutoa.

Fundi wa Ngama alijibu:

Naongeza moja tu kwa watakaosoma baadaye. Wengi huamini kwamba kikomo cha kumwaga ni maili 12 za baharini kila mahali. Umbali huo, kwa maji taka yasiyotibiwa, umo katika Kiambatisho cha IV cha MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia meli zisichafue bahari, ambacho kinahusu meli zinazosafiri kimataifa zenye ukubwa wa tani 400 na zaidi, au zilizoidhinishwa kubeba watu zaidi ya 15. Mashua ndogo hufuata sheria ya nchi yenye maji hayo. Marekani, kwa mfano, kikomo ni maili 3, na ndani yake vali ya kutolea nje inatakiwa ifungwe kwa namna isiyoweza kufunguka kwa bahati mbaya. Ziko ghuba na maziwa ambako hairuhusiwi kabisa kumwaga. Soma sheria ya maji unayoingia kabla hujaifungua koki.